Wasomaji Wanauliza: Mlinzi wa Pwani Aliyehamishwa Ayalandi Nzima

Mwezi huu safu yote ni ya wasomaji wanaowatafuta jamaa waliotumikia Coastguard, kikosi cha walinzi wa pwani, kwenye fukwe za Ayalandi. Maswali tumeyafupisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha.

Swali: Baba wa babu yake mume wangu alikuwa mlinzi wa pwani Ayalandi. Wifi yangu ana cheti cha ndoa cha mwaka 1881. Bwana harusi ni Mwingereza, kazi "Coast Guard", na bibi harusi ni mwenyeji wa Cork. Kwao husemwa tu kwamba mzee alihamahama. Tuanzie wapi kupata orodha ya vituo vyake?

Anzeni na watoto wake, yeye mwenyewe mtamfikia baadaye. Kikosi kilipoundwa mwaka 1822 kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia magendo ya tumbaku na pombe kali, na wakubwa wa forodha walijua kwamba mlinzi aliyezoeana mno na wavuvi wa kijiji ataishia kufumba macho usiku. Kwa hiyo hakupangwa karibu na kwao, na baada ya miaka michache alihamishwa. Mwaka 1856 kikosi kilitolewa forodha kikawekwa chini ya Admiralty, yaani wakuu wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, lakini mtindo wa kuhamisha watu haukukoma. Ndiyo maana Mwingereza wenu alifika Cork, na ndiyo maana huenda kila mtoto wake alizaliwa kwingine. Rekodi ya kuzaliwa ya kila mtoto ni sawa na risiti ya kituo kimoja.

Kabla ya hapo, kisomeni upya hicho cheti cha ndoa. Watu hutazama majina na tarehe wakakikunja. Tazameni safu ya makazi wakati wa ndoa: mara nyingi ndipo kilipoandikwa kituo chenyewe au kijiji chake. Tazameni kazi ya baba wa bwana harusi, kwa sababu watoto wa walinzi waliingia sana kikosini. Akiwa naye ni "Coast Guard", mna vizazi viwili vya kufuatilia. Mashahidi nao wasipuuzwe. Mlinzi aliye ugenini hakuwa na ndugu karibu, hivyo aliyesimama naye kanisani mara nyingi alikuwa mwenzake wa kituoni. Jina hilo litawafaa baadaye mtakapotaka kuhakikisha kwamba mmeshika kituo sahihi.

Sasa watoto. Usajili wa vizazi Ayalandi ulianza tarehe 1 Januari 1864, na tovuti ya serikali ya irishgenealogy.ie inaonyesha bure picha za kurasa za daftari kwa vizazi vilivyopita miaka 100. Tafuteni kwa jina la ukoo la baba, kuanzia 1881 hadi kama 1905, bila kujaza wilaya. Kisha fungueni picha moja moja. Msiridhike na faharasa, kwa maana faharasa ya miaka hiyo kwa kawaida haiwapi jina la ukoo la mama, na hilo ndilo linalotenganisha familia mbili za jina moja. Kwenye picha mtaona tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la baba na makazi yake, jina la mama pamoja na la ukoo wake, kazi ya baba, na aliyetoa taarifa. Panapoandikwa "Coastguard Station", mmefika.

Kinachowapoteza wengi hapa ni majina ya wilaya. Usajili ulifuata mipaka ya maeneo ya Sheria ya Maskini, na eneo liliitwa kwa mji wenye nyumba ya maskini, ambao pengine hauna hata ufuko. Mtoto aliyezaliwa kituo cha Skerries, kaskazini mwa Dublin, yumo chini ya Balrothery. Wa Ballycotton yumo chini ya Midleton. Mkiandika "Skerries" kwenye kisanduku cha wilaya hamtapata kitu, mkadhani mtoto hakusajiliwa.

Watoto wakishapatikana, wapangeni kwa tarehe na mtazame mapengo. Pengo la miaka miwili au mitatu ni la kawaida. Likifika minne au mitano, kuna mambo matatu ya kuchunguza: mtoto aliyefariki, mtoto ambaye hakusajiliwa, au baba aliyepelekwa ng'ambo ya bahari. Hilo la tatu lina dawa. Faharasa ya mtandaoni ya ofisi ya usajili ya Uingereza na Wales inaonyesha jina la ukoo la mama tangu 1837, hivyo jozi ya majina mawili ya ukoo itawatoa watoto wa Kent au Cornwall mara moja. Kwa Uskoti kuna tovuti ya ScotlandsPeople.

Halafu nendeni kwenye sensa ya Ayalandi ya tarehe 31 Machi 1901, iliyo bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi. Itakeni Fomu A, ile aliyojaza mkuu wa kaya. Safu ya mahali pa kuzaliwa ilidai kaunti tu kwa aliyezaliwa Ayalandi, na nchi tu kwa aliyezaliwa nje. Baba atakuwa "England" na basi, jambo linalokera. Lakini tuseme chini yake wamo mtoto wa miaka 18, Co. Cork, wa 16, Co. Cork, wa 13, Co. Kerry, wa 9, Co. Mayo; wa 4, Co. Mayo. Hapo tayari mna ramani: Cork mpaka kama 1885, Kerry karibu na 1888, Mayo kuanzia kabla ya 1892. Rekodi za vizazi zitajaza vituo ndani ya kaunti hizo. Sensa ya tarehe 2 Aprili 1911 inaongeza miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai na walio hai bado. Idadi hiyo ikizidi watoto mlio nao, kuna risiti bado haijapatikana.

Fungueni na Fomu B1 ya kitongoji hicho hicho. Ni orodha ya nyumba, na inaonyesha mwenye jengo. Mkiona nyumba tano au sita zimefuatana, wakuu wa kaya wote ni walinzi na mwenye nyumba ni Admiralty, huo ndio mstari wa nyumba za kituo.

Swali: Tuna karatasi ya utumishi ya babu mzaa babu. Inaonyesha alikuwa "HMS Belleisle" kwa miaka kadhaa ya 1880. Lakini watoto wake wawili walizaliwa Skerries miaka hiyo hiyo. Ni watu wawili tofauti?

Ni mtu mmoja. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote katika utafiti wa walinzi wa pwani, na tumewahi kuona nasaba nzima ikichorwa ya baharia aliyezunguka dunia, kumbe mwenyewe alikuwa nchi kavu akitembea ufukweni na taa mkononi.

Admiralty ilipochukua kikosi, pwani iligawanywa kwa wilaya, na kila wilaya ikapewa meli ya kivita iliyotia nanga bandarini. Walinzi wote wa vituo vya wilaya hiyo waliandikwa kwenye vitabu vya meli hiyo kwa ajili ya mshahara na nidhamu. Belleisle ilikaa Kingstown, bandari ya Dublin, miaka yote ya 1880. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1860, meli ya Kingstown ilikuwa Ajax, ile ambayo nahodha wake alizama na baadhi ya mabaharia wake katika dhoruba ya Februari 1861 wakijaribu kuokoa watu. Upande wa kusini Valiant ilikaa Foynes, kwenye mlango wa mto Shannon, mpaka katikati ya miaka ya 1880. Kwa hiyo jina la meli linakuambia kipande cha pwani, halikuambii kijiji. Belleisle pamoja na Skerries vinaoana kabisa.

Meli hizo zilitoka kwa mazoezi majira ya kiangazi, na walinzi wa vituoni walichukuliwa kuongeza idadi ya mabaharia. Basi mkikuta amekosekana nyumbani wiki chache za Julai, msishangae.

Ikiwa karatasi mliyo nayo ni nakala ya familia, itafuteni ya asili. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina mfululizo wa ADM 188 kwa mabaharia walioingia kuanzia 1873 na waliokuwa bado kazini mwaka huo. Katika katalogi yao andika jina na ADM 188. Matokeo yanaonyesha tarehe na mahali pa kuzaliwa, hivyo unaweza kuchuja kabla ya kulipia picha. Walioingia kati ya 1853 na 1872 wamo ADM 139. Humo kila mtu ana nambari ya utumishi, pengine yenye herufi A au B mwishoni. Herufi hiyo ni sehemu ya nambari. Ukiiacha utaletewa mtu mwingine kabisa. Aliyekuwa kazini 1873 alipewa nambari mpya, kwa hiyo huyo mtafute kote kuwili, kwa sababu hati ya mkataba wa kwanza ndiyo yenye maelezo ya umbo lake, na mara nyingine idhini ya mzazi kama aliingia akiwa mvulana.

Swali: Nimetafuta sensa za Ayalandi za 1861 hadi 1891 kila tovuti bila mafanikio. Ni lazima nilipie huduma fulani?

Usilipe senti. Hazipo. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi taka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote Dublin tarehe 30 Juni 1922, hifadhi ya nyaraka ya Four Courts ilipolipuka. Vimebaki vipande vya maeneo machache.

Njia ya kuzunguka ipo, na kwa mlinzi wa pwani ni nzuri kuliko kwa mkulima. Kwa kuwa walihamishwa kuvuka bahari, wengi waliangukia kwenye sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka mmoja au mwingine, na huko watoto waliozaliwa Ayalandi wameandikwa. Mara nyingi ni "Ireland" peke yake, lakini kuna makarani waliojaza kaunti, na wachache walijaza hata mji. Sensa ya 1881 ya Uingereza iko bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Ukipata familia humo, yenye mtoto wa miaka 7 "Ireland" na wa miaka 3 "Sussex", umejua mwaka wa kuhama ndani ya miaka minne.

Swali: Niliomba nakala za vitabu vya ADM 175 kwa sababu ndugu yetu alikuwa Killybegs miaka ya 1840. Nimepata kurasa zilizojaa majina na vifupisho. Nizisomeje?

Hongera, umeshika hazina yenyewe. ADM 175 ni vitabu vya ikama vya kikosi, na vya zamani vinaanzia 1816, enzi za vikosi vilivyokitangulia, hadi 1869. Vimepangwa kwa kituo. Hapo ndipo pagumu: huwezi kumtafuta mtu kwa jina kama hujui alikuwa wapi. Kwa bahati wewe unajua.

Tafuta ukurasa wenye kichwa Killybegs. Juu kabisa ni ofisa wa kituo, chini yake mabaharia wake, kwa kawaida wanne hadi sita hivi. Vyeo utakavyokuta, kutoka chini kwenda juu, ni Boatman, Commissioned Boatman, Chief Boatman, kisha Chief Officer. Juu ya vituo kadhaa kuna Inspecting Commander, ambaye ni ofisa wa Jeshi la Wanamaji. Vifupisho kama "Bn", "Comd Bn" na "Ch Bn" ni vya vyeo hivyo. Usikichukulie "Commissioned" kuwa ofisa: ni baharia wa daraja la juu kidogo tu. Familia nyingi zimempandisha babu cheo kwa neno hilo.

Sasa usome mstari wa ndugu yako kutoka kushoto kwenda kulia. Kuna cheo, jina, tarehe ya kuteuliwa hapo, kisha safu inayosema alikotoka, na kuelekea mwisho safu inayosema alikopelekwa na lini. Safu hizo mbili ndizo mnyororo. Tuseme alikotoka pameandikwa Belmullet. Fungua ukurasa wa Belmullet wa kipindi kilichotangulia, utamkuta tena, na hapo patasema alikotoka kabla. Endelea kurudi nyuma mpaka safu ya alikotoka itaje jina la meli, au iseme ndiyo ajira yake ya kwanza. Kisha rudi Killybegs uende mbele, mpaka ukute kustaafu kwa pensheni, kuacha kazi, kufukuzwa au kufariki.

Fanya kazi ya kurudi nyuma kwanza. Ukianza kwenda mbele utajikuta unafuata wanaume wawili wa jina moja bila kujua, maana akina John Sullivan hawakuwa haba pwani hiyo. Ulinganisho wa tarehe ndio unaookoa: siku aliyoondoka kituo kimoja na aliyofika kingine zipishane kwa siku chache au wiki chache. Zikipishana kwa miezi sita, huenda umeshika mtu mwingine au kuna kituo umekiruka.

Mambo matatu hukata mnyororo. Vitabu vya Ayalandi ni tofauti na vya Uingereza, kwa hiyo akihamishiwa Dorset anatoweka kwenye kitabu ulichonacho ingawa hakufa wala hakuacha kazi. La pili ni tahajia ya kituo. Makarani wa London waliandika majina ya Kiayalandi walivyoyasikia, hivyo tamka kwa sauti neno usilolielewa kisha utazame ramani. La tatu ni mstari uliokatwa kwa wino: wengi hudhani mtu amefutwa kazi, kumbe karani alikata jina kila mtu alipoondoka kituoni. Sababu imo kwenye safu ya mwisho.

Mfululizo huo huo una pia orodha za waliopendekezwa kuajiriwa, za kuanzia 1819 hadi 1866, zikiwa na faharasa za majina. Hizo ndizo mlango kwa msomaji asiyejua kituo hata kimoja. Na aliyetumika karne ya 20 atafutwe kwenye kadi za utumishi za 1900 hadi 1923.

Kati ya 1822 na 1863, kabla ya usajili wa serikali, watoto wamo kwenye vitabu vya ubatizo. Waingereza wengi walikuwa Waanglikana, yaani Kanisa la Ayalandi, na zaidi ya nusu ya vitabu vya kanisa hilo viliungua Four Courts. Usianze kuandikia parokia kabla ya kutazama orodha ya maktaba ya kanisa hilo iliyoko Dublin, RCB Library, inayoonyesha parokia moja moja ni vitabu vipi vimebaki na viko wapi. Kama mke alikuwa Mkatoliki, tazama na vitabu vya Kikatoliki, ambavyo Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeviweka mtandaoni bure mpaka karibu 1880. Katika ndoa mchanganyiko watoto wa nyumba moja waliweza kubatizwa makanisa mawili tofauti.

Swali: Bibi alisema baba yake alikuwa "Revenue" kule Donegal. Shemeji anasema ni polisi, mimi nasema ni mlinzi wa pwani. Nani yuko sahihi?

Mnaweza kuwa sahihi wote wawili, kwa sababu watu wa vijijini waliwaita kwa neno hilo watu wa vikosi tofauti. Mwangalieni alikuwa wapi na lini.

Polisi wa mapato, Revenue Police, walikuwa wa bara na milimani, wakisaka mitambo ya gongo ya kienyeji iitwayo poitín. Walivunjwa mwaka 1857, na rekodi zao ziko Kew, CUST 111. Akiwa kazini mwaka 1860 au baadaye, hao si wake. Polisi wa kawaida, waliokuja kuitwa Royal Irish Constabulary mwaka 1867, wana daftari lao la HO 184, na nao hawakupangwa kaunti ya kwao, ndiyo maana historia zao hufanana na za walinzi. Mlinzi wa pwani hakai mbali na maji ya chumvi. Anwani ikiwa maili 10 kutoka ufukweni, mpe shemeji ushindi.

Kwenye sensa za 1901 na 1911 kuna alama nyingine. Polisi waliolala kambini waliorodheshwa kwenye Fomu H kwa herufi za mwanzo za majina tu. Walinzi wa pwani walioishi na familia wamo kwenye Fomu A, majina kamili. Ukikuta "J. M., 27, Co. Sligo", huyo si wa pwani.

Swali: Tumepata vituo vinne, lakini viwili havionekani kwenye ramani ya leo. Na "Queenstown" iko wapi?

Queenstown ni Cobh, kwenye bandari ya Cork. Iliitwa Queenstown kuanzia 1849 hadi 1920. Kingstown ni Dún Laoghaire, nayo iliitwa hivyo kuanzia 1821 hadi 1920. Kwa majina mengine tumieni logainm.ie, hazina ya serikali ya majina ya mahali, inayokubali tahajia ya Kiingereza na ya Kiayalandi.

Jengo lenyewe litafuteni kwenye ramani za Ordnance Survey, idara ya serikali ya upimaji. Kuna za inchi 6 kwa maili, zilizopimwa kati ya 1829 na 1842, na za inchi 25 za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Vituo vimeandikwa kwa kirefu au "C.G. Station", na karibu yake pengine "Watch House" au "Boat House". Linganisheni ramani zote mbili, maana vituo vilihamishwa. Kile cha 1840 kinaweza kuwa nyumba ya kupanga kijijini, na kile cha 1900 ni jengo jipya nusu maili mbali. Baada ya uasi wa 1867 wa Fenian, wapigania uhuru wa Ayalandi, ambapo vituo vya Kells huko Kerry na Knockadoon huko Cork vilivamiwa, vituo vingi vilivyojengwa vilipewa matundu ya kufyatulia bunduki na vifuniko vya chuma madirishani. Jengo la namna hiyo haliwezi kuwa alimoishi mtu aliyeondoka 1850, hata kama wenyeji wataapa.

Makadirio ya Griffith ya 1847 hadi 1864, yaani orodha ya wapangaji na thamani ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, bure kwenye askaboutireland.ie, yana vituo pia. Lakini msitegemee jina la baharia. Nyumba haikuwa yake, hivyo mara nyingi mpangaji aliyeandikwa ni kikosi. Majina ya maofisa yanapatikana kwa urahisi zaidi: wamo kwenye Navy List, orodha rasmi ya maofisa wa Jeshi la Wanamaji, na kwenye vitabu vya anwani vya Pigot vya 1824 na Slater vya 1846, 1856, 1870 na 1881, chini ya mji wa bandari ulio jirani. Ukijua jina la ofisa wa kituo, magazeti ya wakati huo yanafunguka, kwa sababu habari za meli kuvunjika humtaja ofisa na kusema "na watu wake". Watu wake ndio hao wenu.

Swali: Mzee wetu yuko kwenye sensa ya 1911 huko Mayo, kisha kimya. Alikwenda wapi?

Inategemea umri. Kama alikuwa karibu na kustaafu, tazameni pensheni kwenye ADM 23. Wastaafu wengi hawakurudi walikozaliwa. Walibaki karibu na kituo cha mwisho au walihamia mji wa bandari wenye kazi ya ulinzi wa gati. Kama alikuwa kijana, Vita ya 1914 ilimrudisha melini, na ukurasa wake wa ADM 188 utaonyesha majina ya meli, safari hii za kweli.

Waliorudi Ayalandi baada ya vita walikuta hali mbaya. Mwaka 1920 na 1921 vituo vingi vilichomwa moto katika vita vya uhuru, na mwaka 1922 kikosi kiliondoka eneo la Dola Huru ya Ayalandi, sehemu iliyojitenga na Uingereza. Mlinzi aliyebaki kazini alipelekwa Uingereza, Wales, Uskoti au Ayalandi ya Kaskazini. Kwa hiyo mtafuteni kwanza kwenye sensa ya Uingereza na Wales ya tarehe 19 Juni 1921, ambayo inaonyesha mwajiri na mahali pa kazi, kisha kwenye zile kadi za utumishi za ADM 175. Kama mlifanya utafiti kwa kutumia jina lake pekee, ongezeni sasa kaunti za watoto. Kwenye sensa hiyo, mtoto wa miaka 12 aliyezaliwa Mayo katika mji wa Devon ni rahisi kumwona kuliko baba mwenye jina la kawaida.